Jinsi kodi ya mauzo ya intaneti ilivyowaponza mawakala wadogo Marekani

KWA miaka kumi, kuanzia 2008 hadi 2018, serikali za majimbo ya Marekani zilivutana na maduka makubwa ya intaneti kuhusu nani akusanye kodi ya mauzo. Serikali zilidai kuwa zinapoteza mapato mengi. Maduka yalijibu kuwa sheria haiyabani. Katikati ya mvutano huo walikuwepo maelfu ya mawakala wadogo waliokuwa wakiishi kwa kamisheni, na wengi wao walikatiwa mkataba kwa barua pepe moja tu.

Mvutano ulimalizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwezi Juni 2018. Hata hivyo, mambo yaliyotokea kabla ya hukumu hiyo yana mafunzo kwa kila mfanyabiashara anayeishi kwa kamisheni na kwa kila mwekezaji anayepima hesabu za kampuni. Kodi iliyowalenga wakubwa iliwaangukia wadogo, kwa sababu wadogo ndio waliokuwa kamba pekee ya kuwafunga wakubwa hao.

Kodi yenyewe

Marekani haina kodi ya ongezeko la thamani ya taifa zima kama VAT ya Tanzania au Kenya. Badala yake, kila jimbo huamua lenyewe. Majimbo 45 kati ya 50, pamoja na mji mkuu Washington, hutoza kodi ya mauzo. Matano yasiyokuwa na kodi hiyo katika ngazi ya jimbo ni Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon.

Viwango vinatofautiana. California hutoza asilimia 7.25, kabla ya nyongeza za wilaya na miji. South Dakota ilikuwa ikitoza asilimia 4.5 wakati kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu.

Mlipaji wa kodi hii ni mnunuzi. Muuzaji kazi yake ni kuikusanya pale kaunta na kuipeleka serikalini. Pale ambapo muuzaji yuko mbali na hakuikusanya, sheria humtaka mnunuzi mwenyewe aipeleke, na hapo huitwa kodi ya matumizi. Kwa maandishi ni jambo zuri. Kwa vitendo, ni wachache mno waliojaza fomu na kulipa kodi ya kitabu au viatu walivyoagiza kutoka jimbo jingine. Ndiyo maana serikali za majimbo zilitaka kumshika muuzaji.

Kipimo cha mguu

Kikwazo kilikuwa mahakamani. Mwaka 1967, katika kesi ya National Bellas Hess dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji kukusanya kodi ikiwa shughuli zake ndani ya jimbo hilo ni kutuma katalogi na mizigo kwa njia ya posta tu.

Mwaka 1992 suala likarudi. Kampuni ya Quill, iliyouza vifaa vya ofisini, ilikuwa na ofisi na maghala Illinois, California na Georgia. Katika North Dakota haikuwa na duka wala mfanyakazi, lakini ilikuwa na wateja wapatao 3,000 walionunua bidhaa za karibu dola milioni 1 kwa mwaka. North Dakota ikadai kodi. Mahakama ikashikilia kipimo kile kile: muuzaji asiyekuwa na mguu ndani ya jimbo, yaani duka, ofisi, ghala au mtu wa kumfanyia kazi, halazimiki kukusanya kodi ya jimbo hilo.

Mahakama iliongeza kuwa Bunge la taifa, yaani Congress, lina mamlaka ya kubadili utaratibu huo kwa kutunga sheria. Miaka ikapita bila Congress kufanya hivyo.

Wakati hukumu ya Quill inatolewa, biashara ya intaneti ilikuwa bado haijaanza. Amazon ilifungua duka lake la vitabu mwaka 1995, katika jimbo la Washington. Kwa kipimo cha Quill, duka la namna hiyo liliweza kuuza nchi nzima na kukusanya kodi katika majimbo machache tu ambako lilikuwa na mguu. Mwenye duka la mtaani akauza kitu cha dola 100 kwa dola 107.25, na duka la intaneti likauza kitu hicho hicho kwa dola 100 kamili.

Wakala na kamisheni yake

Mwaka 1996 Amazon ilianzisha mpango wa mawakala. Utaratibu wake ni wa udalali wa kawaida, ila unafanywa kwa kompyuta. Mtu ana tovuti yake, tuseme ya mapishi, ya ukulima wa bustani au ya kulinganisha bei. Ndani ya maandishi yake anaweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye duka. Msomaji akibofya kiungo hicho na akanunua, duka linamtambua aliyemleta mteja na kumlipa kamisheni.

Wakala huyo hashiki mali. Hana stoo, hapokei fedha za mteja na hapangi bei. Hajui hata jina la aliyenunua. Anachouza ni wasomaji wake na imani yao kwake. Maduka mengine yakafuata mtindo huo, na kwa watu wengi ikawa ni kazi ya kuongezea mshahara. Kwa wachache ikawa kampuni kamili zenye wafanyakazi.

New York yavuta kamba

Mwezi Aprili 2008 jimbo la New York lilitunga sheria iliyomgeuza wakala huyo kuwa mguu wa duka. Sheria ilisema hivi: ikiwa duka la nje lina makubaliano ya kamisheni na wakazi wa New York wanaoleta wateja kwa viungo vya intaneti, na mauzo yaliyotokana na mawakala hao yamezidi dola 10,000 katika robo nne za mwaka zilizopita, duka hilo litahesabiwa kuwa na watu wa kuuza ndani ya jimbo. Kwa hiyo litakusanya kodi.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1960, katika kesi ya Scripto, kampuni ya kalamu ya Atlanta ilikuwa na mawakala kumi wa kujitegemea katika Florida waliolipwa kwa kamisheni. Mahakama ya Juu ilisema mawakala hao wanatosha kuifunga kampuni, hata kama hawakuajiriwa rasmi. New York ilichukua wazo hilo la wachuuzi wa mlangoni na kulipeleka kwenye tovuti.

Duka lilipewa nafasi ya kujitetea kwa kuonyesha kuwa mawakala wake huweka tangazo tu na hawaendi kuwashawishi watu wa jimbo wanunue. Amazon ilianza kukusanya kodi New York Juni 2008, huku ikifungua kesi. Overstock nayo ilifungua kesi, lakini ilichagua njia nyingine: iliwaondoa mawakala wake wote wa New York, takriban 3,400.

Mahakama ya rufani ya New York iliipa serikali ushindi Machi 2013, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi hiyo.

Hesabu ya duka

Majimbo mengine hayakusubiri matokeo. Rhode Island na North Carolina zilitunga sheria za namna hiyo 2009. Illinois, Arkansas, Connecticut na California zilifuata 2011. Katika majimbo hayo yote sita Amazon ilijibu kwa kuwaondoa mawakala. Katika Colorado iliwaondoa Machi 2010, ingawa sheria ya jimbo hilo ilihusu kutoa taarifa za wanunuzi na haikugusa kamisheni.

Kwa nini duka likubali kupoteza watu wanaoliletea wateja? Jibu liko kwenye hesabu.

Chukua mfano wa duka linalouza bidhaa za dola milioni 10 kwa mwaka katika jimbo lenye kodi ya asilimia 7.25. Mauzo ya dola 200,000 kati ya hayo yameletwa na mawakala wa jimbo hilo, wanaolipwa kamisheni ya asilimia 6, yaani dola 12,000 kwa wote. Duka likiwabakiza, kodi haitozwi kwenye zile dola 200,000 peke yake. Hutozwa kwenye mauzo yote ya dola milioni 10, na wateja wa jimbo hilo watatozwa dola 725,000 zaidi. Duka likiwaondoa, linahatarisha mauzo ya dola 200,000, na sehemu ya wateja hao watarudi wenyewe bila kuletwa na mtu.

Kwa mwenye duka uamuzi huo ni mwepesi. Kamba ya dola 12,000 inamfungia mzigo wa dola 725,000, naye mkasi anao mkononi. Mkataba wa wakala uliruhusu duka kuuvunja wakati wowote.

New York ilikuwa tofauti kwa Amazon kwa kuwa soko lake ni kubwa na kesi ilikuwa inaendelea. Katika majimbo madogo mkasi ulitumika mara moja.

Waliobaki na hasara

Serikali ya jimbo ambako mawakala waliondolewa haikupata kodi ya mauzo iliyoitarajia, kwa sababu duka halikuwa na mguu tena. Juu ya hapo ilipoteza kodi ya mapato ya mawakala waliokosa kamisheni. Mwenye duka la mtaani, ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake, aliendelea kushindana na bei isiyokuwa na kodi. Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi.

Waliokuwa na uwezo walihama. Katika Illinois, sheria ilisainiwa na Gavana Pat Quinn mwezi Machi 2011. Kampuni ya FatWallet, iliyokuwa ikikusanya habari za bei nafuu na kuponi, ilifunga ofisi yake ya Rockton, Illinois, ikavuka mpaka na kuingia Beloit, Wisconsin, mwendo wa dakika chache kwa gari. CouponCabin ilihamia Indiana. Wasomaji na viungo vyao vilibaki vile vile. Kilichobadilika ni anwani, ajira na kodi ya mapato, vyote vikiondoka Illinois.

Mama wa nyumbani mwenye tovuti ya mapishi hakuweza kuhama na familia yake kwa ajili ya kamisheni ya dola 200 kwa mwezi. Kwake habari iliishia hapo, labda apate duka jingine lenye mguu katika jimbo ambalo kwa hiyo halikuwa na sababu ya kumkimbia.

Sheria ya Illinois ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo Oktoba 2013, baada ya chama cha kampuni za biashara hiyo, Performance Marketing Association, kushitaki. Sababu ilikuwa upendeleo. Duka lililolipa kamisheni kwa tangazo la gazeti au redio halikuguswa, na lililolipa kwa kiungo cha intaneti lilibanwa. Sheria ya taifa ya 1998 inakataza kodi za kibaguzi dhidi ya biashara ya intaneti. Bunge la Illinois liliandika sheria upya kwa kujumuisha matangazo ya aina zote, ikaanza kazi Januari 2015.

California yapatana

California lilikuwa soko lisiloweza kupuuzwa. Gavana Jerry Brown alisaini sheria mwishoni mwa Juni 2011, na papo hapo Amazon ikawaandikia mawakala wake wa jimbo hilo, waliotajwa wakati huo kuwa zaidi ya 10,000, kuwaarifu kuwa mkataba umekwisha. Kisha ikaanza kampeni ya kukusanya saini ili wananchi waipigie sheria hiyo kura ya maoni.

Septemba mwaka huo pande mbili zilipatana. Amazon iliacha kampeni, na serikali ikasogeza mbele tarehe ya kuanza kukusanya hadi Septemba 2012. Mawakala walirudishwa. Walikuwa wamekaa miezi kadhaa bila kamisheni kwa ugomvi ambao wao hawakuwa na kiti katika meza yake.

Wakati huo Amazon yenyewe ilikuwa inabadilika. Ili kumfikishia mteja mzigo haraka, ilihitaji maghala karibu na miji mikubwa. Ghala ni mguu. Kadiri maghala yalivyoongezeka, faida ya kukwepa kodi ilipungua, na kufikia Aprili 2017 Amazon ilikuwa inakusanya kodi kwenye mauzo yake yenyewe katika majimbo yote 45 yanayotoza.

Hukumu ya 2018

Dalili ya mwisho wa kipimo cha mguu ilitoka kwenye kesi ya Colorado. Machi 2015, katika kesi hiyo, Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama ya Juu aliandika kuwa umefika wakati wa kuitazama upya hukumu ya Quill. South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato ya watu binafsi na linalotegemea sana kodi ya mauzo, ililipokea neno hilo. Mwaka 2016 ilitunga sheria yenye kipimo kipya: muuzaji wa nje atakusanya kodi ikiwa mauzo yake ndani ya jimbo yamezidi dola 100,000 kwa mwaka, au mauziano yake yamefika 200.

Jimbo lilizishitaki Wayfair, Overstock na Newegg. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliifuta hukumu ya Quill. Jaji Kennedy ndiye aliyeiandika hukumu. Ndani yake ilitajwa kuwa South Dakota ilikadiria kupoteza dola milioni 48 hadi 58 kwa mwaka, na kwamba makadirio ya hasara ya majimbo yote yalikuwa kati ya dola bilioni 8 na 33.

Majimbo mengine yakaiga. Florida ilianza Julai 2021, na Missouri ikawa ya mwisho Januari 2023, hivyo majimbo yote 45 yana kipimo cha mauzo. Viwango si sawa: California na Texas zimeweka dola 500,000. South Dakota yenyewe iliondoa kipimo cha mauziano 200 mwaka 2023 na kubakiza dola 100,000. Majimbo pia yameyataka masoko ya intaneti yanayouza mali za watu wengine kukusanya kodi kwa niaba ya wauzaji wao.

Kwa wakala wa kamisheni, hukumu hiyo iliondoa sababu ya kukimbiwa. Duka kubwa linalouza kupita kiwango litakusanya kodi liwe na wakala au lisiwe naye. Kumfukuza hakuokoi hata senti.

Usalama huo una mpaka wake. Mkasi bado uko mkononi mwa duka. Aprili 2020 Amazon ilipunguza kamisheni za bidhaa kadhaa: fenicha na vifaa vya nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na vyakula vya dukani kutoka asilimia 5 hadi 1. Hapakuwa na sheria mpya ya kodi. Wakala aliyekuwa anapata dola 800 kwa mauzo ya fenicha ya dola 10,000 alibaki na dola 300.

Afrika Mashariki

Serikali za Afrika Mashariki zilianza na kipimo cha mahali fedha zinapotoka. Tanzania, kwa Sheria ya Fedha ya 2022, iliweka kodi ya asilimia 2 kwa mapato ya huduma za kielektroniki yanayokwenda kwa kampuni zisizo na makazi nchini. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ilimgusa wakala mwenyewe. Kamisheni za viungo vya mauzo zilitajwa kwa jina miongoni mwa mapato ya kazi za kidijitali, na zikawekewa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi. Hii ni kodi ya mapato ya wakala, na haipaswi kuchanganywa na kodi ya mauzo ya Marekani inayolipwa na mnunuzi.

Mfanyabiashara wa Mombasa au Zanzibar anayeuza vikoi au vinyago kwa wateja wa Marekani naye anahusika na kipimo cha 2018, kwa kuwa hakibagui muuzaji wa nje ya nchi. Akiuza kupitia soko kubwa la intaneti, kwa kawaida soko hilo ndilo litakalokusanya kodi. Akiuza kwa tovuti yake mwenyewe, itambidi apige hesabu ya mauzo ya kila jimbo peke yake.

Mambo ya kupima

Kwa anayeishi kwa kamisheni, swali la kwanza ni sehemu gani ya kipato chake inatoka kwa duka moja. Wakala wa Illinois aliyekuwa na maduka matano, mawili kati yake yakiwa tayari na ofisi ndani ya jimbo, aliumia mwaka 2011 lakini hakuzama. Swali la pili ni kifungu cha kuvunja mkataba: siku ngapi za notisi, na je, kamisheni ambazo hazijalipwa zitalipwa?

Kwa mwekezaji anayenunua hisa za duka la intaneti, ni vizuri kutenganisha faida inayotokana na kuuza vizuri na ile inayotokana na mwanya wa kodi. Mwanya wa Quill ulidumu miaka 26, muda wa kutosha watu kuuona kuwa ni haki ya kudumu. Ulifungwa kwa hukumu ya siku moja.

Na kila kodi mpya inapotangazwa, jina la anayelengwa halitoshi kuonyesha atakayeumia. Inafaa kutazama ni nani katika mnyororo wa biashara anayeweza kujitoa kwa gharama ndogo, na ni nani asiyeweza. Mzigo huelekea kwa huyo wa pili.